Plagi ya kitrekta cha zamani: pima urefu wa meno kwanza

Mama mmoja mwenye miembe upande wa Ipuli, hapa Tabora, ana kitrekta cha kufyekea nyasi kilichokuja kwenye kontena kikiwa kimeshatumika. Injini yake ni Briggs & Stratton ya silinda moja, hospawa 8, ya mtindo wa zamani wenye valvu ubavuni mwa silinda. Mvua za Novemba zilipoanza na nyasi zikapanda, kikagoma kuwaka. Kijana wake akanunua plagi mpya mjini, kile kifaa kinachotoa cheche ya kuwasha petroli, akafunga, kikagoma zaidi. Ndipo nikaitwa.

Nilipoitoa plagi ile, nilikuta ulimi wake wa chuma umebonyezwa hadi umegusana na ncha ya katikati. Cheche haikuwa na pa kurukia. Ilikuwa BPR6ES ya kampuni ya NGK, plagi nzuri kabisa, ile ya pampu za maji za Honda GX160. Tundu liliipokea kwa sababu unene ni uleule, milimita 14. Lakini meno yake, yaani sehemu yenye nyuzi inayojifunga tunduni, yana urefu wa milimita 19, na hedi (kifuniko cha juu cha silinda) ya kitrekta kile inataka milimita 9.5 tu. Sehemu iliyozidi ilitokeza ndani na kugongwa. Betri ilikuwa dhaifu, injini ikazunguka polepole. Ingezunguka kwa nguvu, yule mama angekuwa anatafuta pistoni au valvu, na vipuri hivyo huku kwetu ni taabu kuvipata.

Kwa hiyo nakuomba sana: usikubali plagi kwa sababu tu imeingia.

Dukani usiende na jina la trekta. Jina la kwenye boneti ni la aliyeunda trekta. Plagi inafuata injini. Futa vumbi na oili kwenye bati linalofunika flaiwili, lile gurudumu zito la injini, utakuta namba zimegongwa. Kwenye Briggs za zamani, namba ya modeli huanza na ujazo wa injini: ya mama ilianza na 19, yaani inchi za ujazo 19. Msimbo nao huanza na mwaka. Wake ulianza na 86, basi ni ya 1986. Kwa injini hizo za valvu ubavuni, plagi ni J8C ya kampuni ya Champion, au RJ19LM ambayo umbo lake ni fupi na inafaa pale boneti inapobana. Herufi R maana yake ndani kuna kizuizi cha kupunguza mikwaruzo kwenye redio.

Ikiwa namba zimefutika, usiiamini plagi ya zamani kama sampuli, maana huenda naye aliyeifunga alibahatisha. Chukua waya mwembamba, kunja ncha yake kidogo, ingiza tunduni, nasa ukingo wa mwisho wa meno, weka alama juu, kisha pima kwa rula.

Tahadhari nyingine ni namba ya joto, inayoonyesha plagi inatoa joto lake upesi (ya baridi) au polepole (ya moto). Kwa NGK, namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi. Kwa Champion ni kinyume, ikipanda ni ya moto zaidi. Muuzaji akikwambia "hii namba inakaribiana na hiyo" huku kampuni ni tofauti, mwombe jedwali la kulinganisha.

Kabla ya kulipa, jaribu kuzungusha ile washa ya plagi, yaani pete ya chuma iliyo juu ya meno, kwa vidole. Ya NGK halisi haichomoki kirahisi.

Plagi ya zamani usiitupe kabla ya kuisoma. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Masizi makavu meusi, hapa Tabora, mimi huanza na chujio la hewa: vumbi la Agosti hadi Oktoba huliziba, petroli ikazidi hewa. Ikilowa oili, shida huwa ni ringi za pistoni au valvu, na plagi ya moto zaidi itaficha ugonjwa kwa wiki chache tu. Ikiwa nyeupe kama chokaa, angalia kama nyasi zimejaa kwenye mapezi ya silinda, yale mabati ya kuipoza, au kama hewa inapenya kwenye gasketi ya kabureta.

Pengo kati ya ulimi na ncha ya katikati ni milimita 0.76. Lipime kwa filageji, vile vibati vyembamba, hata kama plagi imetoka kwenye boksi sasa hivi. Unaporekebisha, gusa ulimi wa pembeni tu. Injini iwe imepoa, kwa sababu hedi ni ya alumini na meno yake hukatika upesi. Anza kwa mkono mpaka washa iguse, halafu spana nusu mzunguko. Plagi iliyokwisha kutumika, robo inatosha.

J8C hatukuipata mjini. Tuliagiza mbili Mwanza, zikaja kwa basi. Moja imefungwa, ya pili ipo kwenye kopo chini ya kiti cha kitrekta, imeviringishwa kitambaa, pengo limeshapimwa.