Kwenda au Kuahirisha: Namna ya Kuamua Likizo ya Nyumbani Wakati wa Janga

Janga linapotanda, mwanadiaspora aliyekwisha kupanga likizo ya kwenda nyumbani huanza kwa kuuliza kama ndege zitaruka na kama atafika. Ni swali la haki, ila halistahili kutangulia. Katika miaka ya UVIKO-19, wengi walioumia hawakuwa wale waliobaki ughaibuni na huzuni ya kukosa likizo, bali wale waliokwenda wakashindwa kurudi kwenye kazi na masomo yao, na wale waliofika salama salimini huku wamebeba ugonjwa hadi kwa wazazi wao. Kwa sababu hiyo, ushauri wangu ni kulipima jambo hili kuanzia mwisho wake: hakikisha kwanza una njia ya kurudi, kisha tazama afya ya watu utakaokaa nao nyumba moja, kisha fedha, na habari ya ndege ije nyuma ya hayo yote.

Tukumbuke mambo yalivyokwenda. Shirika la Afya Duniani lilitamka tarehe 11 Machi 2020 kwamba UVIKO-19 umekuwa janga la dunia, na kabla mwezi huo haujaisha Uganda ilikuwa imefunga uwanja wa Entebbe kwa abiria na Kenya imesimamisha safari za ndege za kimataifa. Tanzania ilizisimamisha mwezi uliofuata na kuzirejesha tarehe 18 Mei. Kenya ilifungua tena tarehe 1 Agosti, na Uganda ikasubiri hadi tarehe 1 Oktoba. Mtu aliyeingia Kampala mwanzoni mwa Machi kwa likizo ya wiki tatu aliona miezi ikipita huku mwajiri wake akipiga simu.

Wala kufunguliwa kwa anga hakukuleta utulivu. Uingereza iliiweka Tanzania katika orodha yake nyekundu, yaani ya nchi ambazo wasafiri wake walizuiwa kuingia, Januari 2021, na Kenya ikafuata Aprili mwaka huohuo. Wenye haki ya ukaazi waliruhusiwa kurudi, lakini tangu tarehe 15 Februari 2021 walitakiwa kukaa karantini ya siku 10 katika hoteli iliyoteuliwa, kwa gharama ya pauni 1,750 kwa mtu mzima mmoja. Kenya haikutolewa katika orodha hiyo hadi Septemba. Miezi miwili baadaye wanasayansi wa Afrika Kusini walitangaza aina mpya ya kirusi, siku moja tu baada ya hapo kikapewa jina la Omicron, na mipaka ikaanza kufungwa upya. Umoja wa Falme za Kiarabu ulizuia abiria kutoka Kenya, Tanzania, Ethiopia na Nigeria kuanzia tarehe 25 Desemba 2021, siku yenyewe ya Krismasi, jambo lililowavurugia mipango wengi waliokuwa wamekata tiketi za kupitia Dubai. Ninayarudia haya kwa sababu moja: amri ya aina hii hutoka na kuanza kutumika ndani ya siku chache, na mara nyingi hutolewa na nchi ya tatu ambayo wewe unapita tu. Basi usiulize tu kama leo njia iko wazi. Jiulize kama unaweza kustahimili ikifungwa ukiwa upande wa pili.

Jibu linategemea sana karatasi zako za ukaazi. Mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani anayekaa nje zaidi ya mwaka mmoja bila hati maalumu ya kurejea hujiweka katika hatari ya kuhesabiwa kuwa ameacha makazi yake, na hati hiyo huombwa ukiwa bado ndani ya Marekani, si baada ya kukwama. Kanada humtaka mkaazi wa kudumu awe amekaa nchini siku 730 katika kila kipindi cha miaka mitano. Kwa ukaazi usio na kikomo wa Uingereza, kutoka nje miaka miwili mfululizo kwa kawaida huufuta. Walio katika hali ya ukaazi wa kudumu, kwa hiyo, wana nafasi ya kupumua. Asiye na nafasi hiyo ni mwanafunzi, au mfanyakazi ambaye viza iliyomo kwenye pasipoti yake imekwisha na anatarajia kuihuisha ubalozini akiwa likizo. Mnamo Machi 2020 Marekani ilisitisha huduma za kawaida za viza katika balozi zake duniani kote, na waliokuwa wakizitegemea balozi hizo kuhuisha viza zao walibaki kusubiri bila tarehe. Kwa mtu wa namna hii nasema bila kusita: kama kurudi kwako kunategemea muhuri ambao bado hujaupata, ahirisha.

Kuna pia suala la uraia. Serikali zinapofunga mipaka huacha mlango kwa raia na wakaazi wao, na kila mtu huhesabiwa kwa pasipoti aliyoishika. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo Mtanzania wa kuzaliwa aliyechukua uraia wa Ujerumani au Marekani ni mgeni kisheria anapotua Dar es Salaam, hata kama ukoo wake wote umekuja kumpokea. Mkenya aliyehifadhi au kurejesha uraia wake ana nafuu ya kuingia kwao kama raia.

Sasa tuje kwa wazee, na hapa naomba tusiharakishe. Ukimpigia mama simu na kumuuliza kama uje, atakwambia, "Njoo tu, mwanangu, Mungu yupo." Jibu hilo limetoka moyoni, lakini halikusaidii kuamua, kwa kuwa mzazi hawezi kumwambia mtoto aliyekaa mbali miaka asije. Kwa hiyo usimuulize yeye kama uje. Muulize dada au kaka anayeishi naye karibu maswali yenye majibu: sukari ya mama ikoje miezi hii, presha imetulia au inapanda, amepata chanjo zote na lini, nyumbani wanalala wangapi, hospitali yenye mitungi ya oksijeni iko umbali gani na mwezi huu inapokea wagonjwa au imejaa. Ukimaliza simu hiyo utakuwa na picha halisi zaidi kuliko tangazo lolote la serikali. Kama oksijeni iko mbali kwa saa nyingi za barabara na mama ana kisukari, basi uzito wa safari yako umebadilika, hata ukiwa wewe mwenyewe kijana mwenye afya.

Ni lazima pia kuujua ugonjwa wenyewe, kwa sababu majanga hayafanani. Ebola huambukizwa kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa ambaye tayari ana dalili, au ya maiti. UVIKO-19 husafiri hewani, na aliyeambukizwa huweza kuupitisha siku mbili hivi kabla hajajisikia vibaya, na wengine hawajisikii vibaya kabisa. Dalili huchukua kati ya siku 2 na 14 kujitokeza. Maana yake ni kwamba kipimo safi ulichopata kabla ya kupanda ndege hakithibitishi kwamba umefika bila ugonjwa, kwa kuwa huenda uliambukizwa katika foleni ya ukaguzi au chumba cha kusubiria ndege ya pili. Kwa ugonjwa wa namna hiyo, njia ya uungwana ni kupunguza mikusanyiko wiki mbili kabla ya kuondoka, kuhakikisha dozi ya mwisho ya chanjo imepita wiki mbili, kuvaa barakoa inayobana vizuri safari nzima, kisha kulala siku za mwanzo mahali pengine au katika chumba chako peke yako, madirisha wazi, na kujipima tena siku ya tatu hadi ya tano. Mazungumzo na wazee yafanyike nje, barazani au chini ya mti. Waeleze ndugu mapema kwamba hakutakuwa na sherehe ya mapokezi uwanjani. Ukisubiri kulisema ukiwa umeshafika, na watu wamekwisha kukodi gari na kuja na watoto, hutaweza kulisema.

Kama likizo yako ina siku 14 na siku tano kati ya hizo zitaishia katika kujitenga, jiulize kwa unyofu kama bado ni safari ile uliyoitaka. Mara nyingi si ile, na afadhali ungoje upate mwezi mzima.

Kuhusu bima, wengi huisoma baada ya tatizo. Fungua hati yenyewe, nenda kwenye sehemu ya mambo yasiyolipiwa, na utafute maneno janga, mlipuko na amri ya serikali. Bima nyingi za kawaida huyatoa nje ya fidia. Nyingine hulipa matibabu ukiugua lakini hazilipi ukiamua kutosafiri kwa hofu, wala mpaka ukifungwa. Pia bima inayonunuliwa baada ya mlipuko kutangazwa huuhesabu mlipuko huo kuwa jambo lililokwisha kujulikana, kwa hiyo haliwezi kudaiwa. Na kama unaishi Uingereza, kusafiri kinyume cha ushauri wa Wizara ya Mambo ya Nje kwa kawaida hubatilisha bima nzima, hata kwa mguu uliovunjika usiohusiana na janga. Waandikie wenye bima barua pepe ukiuliza swali moja mahususi, na uhifadhi jibu lao.

Tiketi nayo ina kanuni yake, na tofauti kubwa ni nani aliyefuta safari. Kwa safari zinazoanzia katika Umoja wa Ulaya, kanuni namba 261 ya mwaka 2004 humpa abiria haki ya kurudishiwa nauli ndani ya siku saba endapo shirika ndilo lililofuta, na vocha hutolewa kwa ridhaa ya abiria tu. Marekani nayo huyataka mashirika yarudishe fedha yanapofuta safari. Ukifuta wewe, unabaki na masharti ya tiketi uliyonunua. Hapo ndipo tiketi inayoweza kubadilishwa tarehe inapolipa tofauti ya bei yake.

Mahesabu ya vipimo yamewaangusha watu wengi makini, kwa hiyo tuyapige pamoja kwa mfano. Tuseme ndege yako ya kurudi inaondoka Nairobi saa nane usiku wa kuamkia Jumapili, na nchi unayokwenda inataka kipimo cha PCR, yaani kile cha maabara kinachotafuta chembe za kirusi katika sampuli, kisichozidi saa 72. Saa hizo zikihesabiwa hadi kuondoka, sampuli inaweza kuchukuliwa tangu saa nane usiku wa kuamkia Alhamisi, na kipimo cha Alhamisi asubuhi kinakubalika. Lakini zikihesabiwa hadi kufika, na safari ni ya saa 18, kipimo hichohicho kitakuwa kimekwisha muda kabla hujatua, na itakubidi uchukue sampuli Alhamisi usiku au Ijumaa. Maabara ikichukua saa 48, majibu ya Ijumaa asubuhi yatatoka Jumapili asubuhi, wakati ndege imeshaondoka. Kwa hiyo tafuta maabara inayotoa majibu ndani ya saa 24, tena kabla hujakata tiketi, na usome kanuni neno kwa neno. Marekani ilipokaza masharti tarehe 6 Desemba 2021 ilitaka kipimo cha siku moja kabla ya kuondoka, na hiyo ilikuwa siku ya kalenda, si saa 24. Sharti hilo liliondolewa Juni 2022. Jua pia kwamba kipimo cha PCR kinaweza kuendelea kuonyesha maambukizi wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Aliyeugua karibuni abebe barua ya daktari, kwa kuwa baadhi ya nchi, Marekani ikiwamo wakati ule, zilikubali ushahidi wa kupona ndani ya siku 90 badala ya kipimo.

Msiba ni jambo la pekee. Anayekwenda kumzika mzazi, au kumwona akiwa bado anapumua, hapimwi kwa kipimo cha likizo, na sitamwambia asiende. Ninachomwomba ni aende peke yake ikiwezekana, awaache watoto, na awe na akiba ya fedha ya kuishi miezi miwili zaidi ya alivyopanga.

Kwa safari nyingine zote, weka tarehe ya kuamua, wiki tatu hivi kabla ya kuondoka, na uandike masharti yako mapema ungali na utulivu: kwa mfano, kwamba utaahirisha kama nchi unakopitia imeweka zuio, kama hospitali ya karibu na wazazi imejaa, au kama mwajiri hajakubali kwa maandishi ufanye kazi ukiwa mbali endapo utakwama. Ikifika tarehe hiyo, soma masharti na uyafuate. Matumaini huwa na nguvu sana mtu akishanunua zawadi, na akiamua wakati huo ataona kila habari njema na kuipita kila habari mbaya.

Ukiamua kuahirisha, usikimbilie kuifuta tiketi siku hiyohiyo. Kama dalili zinaonyesha kwamba shirika lenyewe litafuta safari, kusubiri kunaweza kukurudishia nauli yote badala ya vocha. Lakini safari ikiwa bado ipo zikibaki siku mbili au tatu, waarifu kwa maandishi kabla ya saa ya kuondoka, kwa sababu abiria asiyetokea bila taarifa hupoteza hata ile sehemu ya kurudi. Kisha piga simu nyumbani siku hiyohiyo, uwaambie wazazi mwenyewe kabla hawajasikia kwa mtu mwingine, na uwatajie mwezi mpya unaoulenga ili dada na kaka wapange likizo zao kuufuata.