Likizo ya Agosti Malindi: jinsi nyumba tano zinavyoweza kulea watoto pamoja kwa gharama ndogo

Katika kalenda ya shule za Kenya ya mwaka 2025, watoto walikaa nyumbani wiki 3 mwezi wa Aprili, wiki 3 mwezi wa Agosti, kisha wiki 10 kuanzia mwisho wa Oktoba. Kwa Malindi, Agosti na Desemba ndiyo miezi ya wageni. Mama wa jikoni hotelini, dereva wa tuktuk na muuza samaki wote wanapata kazi nyingi pale pale shule zinapofungwa. Kambi za likizo zipo na baadhi ni nzuri sana, lakini mwenye watoto wawili watatu akilipa ada, chakula na nauli, pesa ya msimu imekwisha.

Njia tunayoieleza hapa ni ya nyumba 4 au 5 za mtaa mmoja kuajiri mlezi mmoja na msaidizi wake. Wazazi kupeana zamu za bure kunavutia zaidi, ila mara nyingi hakumalizi wiki ya kwanza: ratiba ya hoteli hubadilishwa usiku kwa simu, na aliyekuwa alee kesho anaitwa kazini alfajiri. Mlezi anayelipwa hufika.

Hatua ya 1: Hesabu saa kabla ya kuhesabu pesa

Chukua karatasi, andika kila siku ya wiki mtoto anabaki bila mtu mzima kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Ondoa saa za chuo cha Kurani. Muulize ustadhi ratiba ya likizo mapema, maana saa za madrasa zinaweza kubadilika shule zikifungwa. Ondoa pia siku ya mapumziko ya mzazi kazini. Wengi wanaodhani wanahitaji mlezi wa siku nzima hujikuta wanahitaji saa 5 au 6, siku 5 kwa wiki. Kambi haikatwi vipande. Unalipia siku nzima hata kama mtoto anatoka mapema kwenda chuo.

Hatua ya 2: Chagua watoto na nyumba

Watoto 8 wa miaka 5 hadi 11 wanatosha kwa mlezi na msaidizi. Wa chini ya miaka 4 wasichanganywe humo, kwani mmoja tu humshika mlezi mkono mzima na saba waliobaki wanajilea wenyewe. Nyumba ziwe za kutembea kwa miguu. Kila anayehitaji bodaboda kumleta mtoto ataongeza gharama na hatari kwa pamoja.

Nyumba yenyewe iwe na ua wenye lango linalofungika, kivuli cha mwembe au mwarobaini, na choo kinachofikika bila kuvuka jikoni. Kagua kisima: kifuniko kiwe kizito na kifungwe kwa kufuli, wala si bati lililowekewa jiwe. Tangi la chini ya ardhi vivyo hivyo. Ndoo za maji zilizojaa zifunikwe. Nyumba inayotazama Barabara ya Lamu moja kwa moja iache, hata kama ina sebule nzuri.

Hatua ya 3: Bajeti

Bei zifuatazo ni mfano; weka za mtaa wako. Tuseme watoto 8, siku 15 za kazi.

Mlezi, shilingi 800 kwa siku: 12,000.
Msaidizi, shilingi 400 kwa siku: 6,000.
Sabuni, maji ya kunywa, vifaa vya michezo na vya huduma ya kwanza: 2,000.
Chakula, shilingi 100 kwa mtoto kwa siku: 12,000.

Jumla ni 32,000, yaani 4,000 kwa kila mtoto kwa likizo nzima. Kambi ya shilingi 1,000 kwa siku ingekuwa 15,000 kwa mtoto mmoja, kabla ya nauli.

Hapa ndipo makundi mengi hugombana, kwa hiyo soma polepole. Gawa pesa mafungu mawili. Mishahara na vifaa (20,000) hulipwa kwa nafasi: shilingi 2,500 kwa kila mtoto, kabla ya siku ya kwanza, na hairudishwi mtoto akipelekwa kwa nyanya yake kijijini Marafa katikati ya likizo. Chakula (1,500 kwa kila mtoto kwa likizo nzima) hulipwa kidogo kidogo kila Jumamosi kwa siku za wiki inayofuata ambazo mtoto atakuja. Mkichanganya mafungu haya, mzazi akimtoa mtoto siku nne anadai punguzo, na anayepunguziwa ni mlezi, ambaye kazi yake haikupungua. Mlezi naye ataanza kutafuta kazi kwingine.

Ongezeni shilingi 300 za akiba kwa kila mtoto. Pesa zote zipite kwa M-Pesa ya mtu mmoja, na mtu mwingine aandike daftari. Mwenye nyumba asiwe mshika pesa.

Hatua ya 4: Mlezi

Tafuta mama anayejulikana mtaani, mwenye subira na anayeweza kupika sufuria ya watu kumi. Msaidizi awe kijana aliyemaliza kidato cha nne na mwenye umri wa miaka 18 au zaidi. Muwaone wote wawili kabla, mpeleke kitambulisho kwa mzee wa mtaa, na muwaulize watu wawili waliowahi kufanya nao kazi.

Masharti yaandikwe ukurasa mmoja na kusainiwa: saa za kazi, malipo, hakuna kuchapa, hakuna mtoto kukaa chumbani na mtu mmoja mlango umefungwa, hakuna kumtuma mtoto dukani kuvuka barabara. Kila mzazi aandike majina mawili ya wanaoruhusiwa kumchukua mtoto wake. Jina lisipokuwepo, mtoto haondoki, hata aliyekuja akiwa mjomba. Namba ya simu ya msaada kwa watoto, 116, ni ya bure; ibandikeni ukutani mahali watoto wanapoisoma.

Hatua ya 5: Chakula

Saa 4 asubuhi ni uji: lita 2.5 za maji, gramu 300 za unga na gramu 150 za sukari hutosha watoto 8 na walezi 2. Mchana, wali na mbaazi wa nazi: kilo 1 ya mchele, nusu kilo ya mbaazi na nazi 2. Mbaazi zilowekwe usiku. Zisipolowekwa, makaa yanakwisha kabla hazijaiva na watoto wanakula saa 9. Tui zito litiwe mwisho, moto mdogo. Chakula cha nazi hakilazwi. Joto la pwani hukichachusha upesi, kwa hiyo kinachobaki kigawiwe siku hiyo hiyo.

Maji ya kunywa yachemshwe na kuwekwa kwenye ndoo yenye bomba. Mtoto akiharisha, mpe maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mzazi apigiwe simu hapo hapo. Homa haisubiri jioni; apelekwe kupimwa malaria.

Hatua ya 6: Siku ipite vipi

Msigeuze ua kuwa darasa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 37, inazuia kuwalazimisha wanafunzi masomo ya likizo, na watoto wamechoka kweli. Nusu saa ya kusoma hadithi inatosha. Asubuhi kabla jua halijakali ni michezo ya kati, blada na kibe. Baada ya chakula ni kimya kivulini: bao, mdako, kuchora. Mwalikeni bibi mmoja wa mtaani awafundishe kusuka ukili, ule utepe wa miyaa wa kushonea mikeka, mara mbili kwa wiki, na mumlipe. Fungu moja la miyaa huwashika watoto siku kadhaa, na wavulana nao hupenda wakishaona ukili unarefuka.

Bahari ni jambo la kuamua kabla. Agosti ni msimu wa upepo wa kusi, mawimbi ni makubwa. Kuogelea kusiwepo kabisa. Matembezi ya ufuoni yawe maji yakiwa yamekupwa, mtu mzima mmoja kwa kila watoto watatu, maji yasipite magoti. Karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu kuna bamvua, na maji huzidi kujaa na kupwa. Siku hizo tafuteni shughuli nyingine. Magofu ya Gede, kilomita kama 16 kwa matatu, ni safari bora. Kiingilio cha watoto ni cha chini kuliko cha watu wazima, ila mzazi mmoja aongezeke siku hiyo.

Hatua ya 7: Kufunga hesabu

Ijumaa ya mwisho, mlezi na msaidizi wamaliziwe malipo yao kwanza. Daftari lisomwe mbele ya wote, akiba iliyobaki igawanywe kwa idadi ya watoto na irudishwe kwa M-Pesa jioni hiyo hiyo. Sufuria, ndoo na mikeka vihesabiwe na kurudi kwa wenyewe. Kama mlezi amefaa, mpeni tarehe za likizo ya Oktoba sasa hivi na malipo kidogo ya kumshika, kwani wiki 10 ni kazi ndefu na wengine mtaani watakuwa wanamtaka.