Midomo inafanya ganzi baada ya kula samaki: namna ya kutafuta maelezo kwa simu

Nawaandikia wenzangu wa zahanati za pwani, baada ya usiku mmoja wa kumsaidia tabibu kijana huku bando likielekea kuisha.

1. Mgonjwa kwanza. Akipumua kwa shida, mpe rufaa. Utasoma baadaye.

2. Uliza kala nini, saa ngapi, na nani mwingine kala. Samaki aliyebaki asitupwe. Ukiambiwa "alichemshwa sana", usitulie: sumu hizi za baharini, ambazo nyingi hutoka kwenye mwani mdogo sana unaoliwa na viumbe wa baharini, haziondoki kwa moto wala barafu.

3. Neno la kutafutia. Hapa tulipoteza saa mbili nzima. Kijana aliandika "sumu ya samaki", zikaja habari za uvuvi haramu. Akaongeza "mwani", yakaja masomo ya kilimo cha mwani wa kamba, wakati tunaoutaka sisi ni vijimea visivyoonekana kwa macho. Ugonjwa hutafutwa kwa kilicholiwa. Chewa, mkunga au mzia wa mwambani: andika ciguatera, kwa c, maana "sigwatera" haileti kitu. Chaza: saxitoxin. Kasa: chelonitoxism. Nyama ya kasa iliua watu tisa Kisiwa cha Panza, Pemba, Machi 2024, wanane wakiwa watoto. Ukilisoma hilo usiruke habari za wanaonyonyesha, kwani sumu hupita kwenye maziwa. Bunju: tetrodotoxin. Hiyo si ya mwani, ila ganzi yake inafanana. Jodari aliyeshinda juani: scombroid, uso huiva wekundu mapema, nayo si ya mwani. Kama samaki hajulikani, fuata dalili. Mgonjwa wetu wa usiku ule, mama mmoja, alipewa maji ya mtungini akakirudisha kikombe, anauliza kwa nini tunampa chai ya moto. Baridi kuhisiwa moto huashiria ciguatera, na ningelijua mapema tungelala.

4. Pa kusoma. Mimi naanza na sura ya sumu za baharini kwenye Yellow Book, kitabu cha afya ya wasafiri cha CDC (taasisi ya afya ya Marekani), kisha StatPearls, makala za kitabibu za mtandaoni, zote bure. Sauti za WhatsApp zinazosifu maziwa na ndimu kuwa dawa sizifungui kabisa.

5. Tazama mwaka wa makala. Za zamani husifu dripu ya manitoli (dawa ya kuongeza mkojo) kwa ciguatera. Utafiti uliochapishwa 2002 ulikuta haiishindi dripu ya kawaida ya chumvi, na madhara yake ni mengi zaidi. Dawa ya kuivunja sumu yenyewe hakuna, unatibu dalili.

6. Hifadhi kurasa kwenye simu leo, bando likiwepo.