Umeacha? Sasa uangalie mwili, anza na njaa

Ukishaacha pombe au unga (heroini) kila mtu anakuuliza una hamu au huna, ila mwili hakuna anayeuuliza na ndo ulioumia miaka yote. Na mara nyingi ile hamu ya saa kumi jioni sio hamu, ni njaa. Hujala tangu asubuhi, mikono inatetemeka, kijasho chembamba, moyo unaenda mbio, na kwa vile umezoea hali hiyo dawa yake ni moja, akili inakukimbiza kulekule. Kwa hiyo ikija kula kwanza, kunywa maji, kaa nusu saa ndo uangalie kama bado ipo. Usingoje njaa ikuambie, miezi ya mwanzo haisemi vizuri, kula kwa saa, hata vijiko vitano.

Ulikuwa unakunywa kila siku? Muulize daktari kuhusu vitamini B1. Pombe inaimaliza, na ikipungua sana kumbukumbu zinapotea na mtu anayumba kama bado amelewa. Na kama ndo kwanza unapanga kuacha, tafadhali usikate ghafla peke yako, degedege linaweza kuja ndani ya siku 2 za mwanzo na linaua. Diazepamu, vile vidonge vya kutuliza na kuleta usingizi, nayo hivohivo, inapunguzwa kidogokidogo na daktari.

Usingizi utasumbua wiki nyingi, wengine miezi, haimaanishi umeshindwa. Amka saa ileile kila siku hata kama umelala alfajiri, kahawa mwisho mchana, na jioni tembea mpaka utoke jasho.

Kapime Ukimwi, TB, homa ya ini B na C. Najua watu wanaogopa majibu, lakini C siku hizi inapona kwa vidonge vya wiki 8 mpaka 12, na B kama huna unachanjwa. Hapa kuna kitu kinaangusha watu wengi bila kujua: ukiwa kwenye methadoni, ile dawa ya kliniki inayotolewa badala ya unga, halafu ukaanza dawa za TB, mojawapo inayoitwa rifampisini inaishusha ile methadoni mwilini, unapata arosto (maumivu ya kukosa unga) na dozi umekunywa vizuri kabisa. Mtu anadhani methadoni imegoma anaenda kuongezea mtaani. Waambie kliniki zote mbili siku hiyohiyo, dozi inapandishwa yanaisha.

Meno usiyaache, na ukienda kung'oa mwambie daktari historia yako kabla hajakuandikia dawa ya maumivu.

La mwisho na ndo zito. Ukikaa wiki chache tu bila unga mwili unasahau, kipimo ulichokuwa unakimudu zamani sasa kinakuua. Mwambie mtu mmoja wa nyumbani jambo hili mkiwa mmetulia, atafute naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha unga, mahali inapopatikana na afundishwe kuitumia. Na ikitokea umeteleza, usijifungie ndani, mpigie kabla hujagusa kitu, akikukuta hupumui vizuri aite msaada hapohapo asingoje uamke.