Ulale wapi ukija Kigoma na Ujiji

Wageni wanaopiga simu hapa mapokezi Mwanga, mtaa wa Kigoma mjini, huanza na bei. Mimi huwauliza kwanza kesho asubuhi wanakwenda wapi. Manispaa ni moja, lakini ukikosea upande utaimaliza asubuhi yako barabarani.

Umefuata sokwe wa Gombe? Lala Kibirizi, au mjini karibu na stesheni. Hifadhi ile haina barabara ya kuingilia. Ni boti tu, na boti zinaondokea Kibirizi. Ukikodi yako, malizana na nahodha jioni ili alfajiri iwe ni kupanda tu. Kwa treni nako, stesheni ndiyo jirani yako mwema: reli ilifika hapa mwaka 1914 na hapa ndipo inapoishia. Treni ikichelewa unaweza kushuka usiku wa manane, kwa hiyo mpigie mtu wa mapokezi akungoje.

Ujiji, kilomita chache kusini, ndiko nilikozaliwa, na inaniuma kuona wageni wanapiga picha pale walipokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871, halafu wanageuza bajaji. Kabla ya Wazungu hao mji ulikuwepo. Misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora iliishia hapa; pembe za ndovu zilipita hapa, na watu waliofungwa minyororo walipita hapa. Huwezi kuusikia mji kama huo kwa nusu saa. Lala usiku mmoja. Gesti zake ni za kawaida, na adhana ya alfajiri itakuamsha. Ukishaamka, teremka mwaloni uone dagaa wanavyoshushwa, kisha utafute mama anayepika migebuka, samaki wa ziwa hili, kwa mawese. Njoo umevaa kwa heshima, na wazee waamkie shikamoo. Utaonyeshwa mengi ambayo hayamo kwenye makumbusho.

Hoteli za kando ya Ziwa Tanganyika bei yake iko juu. Mimi nasema zinastahili usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, kwa sababu ndipo wavuvi wa dagaa wanapotoka na taa zao na ziwa lote linawaka. Mbalamwezi ikiwa kali wengi hawaendi, nawe umelipia giza tupu. Tazama mwezi kabla ya kuweka nafasi.

Asiye na safari ya mapema akae Mwanga: soko lipo, daladala za Ujiji zipo, chakula hakikosekani. Omba chumba cha nyuma, maana upande wa barabara muziki wa baa hauna saa. Usilipe kabla hujaingia ndani. Fungua bomba, kunjua chandarua uone kama kimetoboka, na kama ni msimu wa mvua angalia juu: bati lisilo na dari halitakuacha ulale. Bomba likiwa kavu, omba ndoo zijazwe kwanza, ndipo utoe hela.