Unataka kuwa dereva wa lori la masafa marefu? Jipime kwanza kabla hujaacha kazi

Watu wakisikia nimeendesha semi treila kwa miaka wananiuliza swali lilelile, eti lile dude kulikatisha kona si kazi sana? Kiukweli kuendesha kunafundishika. Ukipata mwalimu mzuri na moyo wa kukosea mbele za watu, baada ya muda gia zinakubali, vioo unavizoea, hata rivasi inakuja yenyewe. Shida iko kwingine kabisa, iko kwenye kusubiri, kulala hovyo hovyo na kukaa peke yako siku nyingi, na wengi niliowaona wakiikimbia hii kazi mapema waliikimbia huku wanaendesha vizuri tu. Raha ni kwamba hivyo vitu vitatu unaweza kuvijaribu ukiwa bado na kazi yako ya sasa, kabla hujalipa hata senti ya shule ya udereva.

Anza na usingizi, hata kama huna muda wa kufanya mengine yote. Mwili una saa yake, kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi unataka kulala utake usitake, alafu mchana saa nane tisa hivi unalegea tena kidogo, na mzigo wala hauangalii hayo, ukiambiwa ufike alfajiri ina maana unatembea usiku. Kukaa macho masaa 17 mfululizo kunakufanya uwe mzito kama mtu ambaye damu yake ina pombe ya asilimia 0.05, na hujagusa kitu. Na lori likiwa kwenye spidi 90 linakula mita 25 kila sekunde, kwa hiyo ukisinzia sekunde nne tu, ile ya kichwa kudondoka alafu unashtuka, umeshapita mita 100 gari likijiendesha.

Jaribio ni hili. Siku zako za mapumziko jilazimishe kulala mchana, sehemu nyembamba, kelele zikiwepo, hata siti ya nyuma ya gari kama unalo, alafu ukiamka fanya kitu kinachotaka akili. Rudia kwa wiki mbili tatu. Kuna watu wanaamka wako freshi na kuna watu siku nzima wanatembea kama wamepigwa na kitu kichwani. Kama we ni wa pili usijidanganye kwamba utazoea huko huko barabarani. Alafu muulize unayelala naye chumba kimoja kama unakoroma mpaka pumzi inakata kisha unavuta hewa kwa nguvu, maana huo ni ugonjwa, unatibika vizuri tu, lakini ukiuacha unaamka mchovu hata ukilala masaa tisa, na dereva mchovu wa aina hiyo mwenyewe hajui kwamba kachoka.

Kusubiri sasa. Hapa ndo watu wasioijua hii kazi wanashangaa. Unafika na mzigo saa mbili asubuhi kama ulivyoambiwa, mlinzi anakwambia paki pale utaitwa, unaitwa saa tisa. Huna wa kumgombeza kwa sababu ukigombana naye utaitwa kesho. Nchi nyingi zina sheria ya masaa ya kuendesha, Ulaya kwa mfano ni masaa 9 kwa siku, mara mbili kwa wiki unaruhusiwa kufika 10, na kila ukiendesha masaa manne na nusu lazima upumzike dakika 45. Marekani ni masaa 11 ya kuendesha, ila yote yawe ndani ya masaa 14 toka ulipoanza kazi siku hiyo, na hayo 14 kwa kawaida hayasimami eti kwa sababu uko foleni unasubiri kushusha. Ndo maana dereva anaweza kushushiwa mzigo alafu hana tena masaa halali ya kutoka pale alipo kwenda sehemu nzuri ya kulala. Jiulize ukikaa benki masaa mawili unakuwaje. Kama unatoka hapo unatetemeka kwa hasira, kumbuka hayo ni mawili tu.

Na kusubiri kunaingia moja kwa moja kwenye hela, kwa hiyo usiangalie mshahara ulioandikwa kwenye tangazo. Sehemu nyingi dereva analipwa kwa safari au kwa umbali, yaani gari likisimama na hela imesimama. Chukua malipo ya safari moja, toa hela utakayokula njiani na kuogea na kupaki gari, alafu gawanya kwa masaa YOTE uliyokuwa mbali na nyumbani. Usigawanye kwa masaa ya usukani. Safari ya siku tano unaweza kuwa umeendesha masaa 40, lakini umekosekana nyumbani masaa 120. Linganisha hiyo namba na kazi uliyonayo sasa. Kuna watu wakipiga hiyo hesabu wanarudi kwenye kazi yao wakiwa na heshima mpya nayo, na wengine wanaona bado inalipa, hasa kama ulipo sasa hulipwi kitu cha maana. Ukienda kuongea na mwajiri muulize nikisubiri nani analipa, pancha ya nani, gari likizidi uzito kwenye mizani faini ya nani, na mzigo ukipungua anakatwa nani. Akianza kujiumauma kwenye hayo maswali ushapata jibu.

Mwili wako je? Watu wanadhani ni kazi ya kukaa. Ni ya kukaa kweli, na huko kukaa kwenyewe kunaharibu mgongo, kunaleta kitambi na presha, ila pia kuna kupanda na kushuka kwenye kichwa cha lori mara kibao kwa siku, kufunga turubai kwenye upepo, kukaza mikanda ya mzigo, kukagua tairi zote mvua ikinyesha. Fanya vipimo vya afya KABLA ya kulipa ada ya shule: macho, presha, sukari, masikio. Leseni ya magari makubwa karibu kila mahali inataka cheti cha daktari, na ni uchungu sana kumaliza shule alafu unaangushwa na macho.

Kuna na tabia, hili silioni likisemwa sana. Lori lenye mzigo linaweza kuwa tani 40, likitaka kusimama linahitaji umbali mrefu kuliko gari dogo, na breki za upepo zinachelewa kidogo kushika kwa sababu upepo lazima usafiri kwenye mipira kwanza. Kwa hiyo unaacha nafasi mbele yako, na kila ukiiacha mtu anajipenyeza, unaiacha tena, anajipenyeza mwingine, siku nzima. Mlima wa kushuka unaingia na gia ndogo toka juu, unatambaa, nyuma wanakupigia honi, na ukiona aibu ukaachia gari likimbie alafu ukategemea breki peke yake, zinachemka na zikishachemka hazishiki. Mtu asiyependa kupitwa hii kazi itamuumiza. Na namaanisha kuumiza kweli.

Rivasi nayo inapima tabia kuliko mikono. Usukani ukienda kushoto tela linaanza kwenda kulia, hicho unakizoea, lakini kuna sehemu kioo hakikuonyeshi kitu na lazima ushuke uende nyuma ukaangalie kwa macho yako, urudi, usogee kidogo, ushuke tena. Mwaka wangu wa kwanza kuna siku nilishuka mara mbili, ya tatu nikaona jamaa waliokaa pembeni wananicheka, nikasema potelea mbali, nikarudisha. Kulikuwa na nguzo fupi ya chuma. Nilikatwa mshahara miezi miwili na wale jamaa walicheka zaidi. Kwa hiyo jiulize kama unaweza kuonekana mshamba mbele za watu na usijali, maana anayeona aibu kushuka atagonga tu, ni suala la lini.

Upweke siwezi kukueleza sana, kila mtu na wake. Mimi ukimya naupenda, nilikuwa naweza kutembea siku nzima bila redio. Jaribu mwenyewe, siku kumi ukae sehemu ambayo hurudi nyumbani na unawasikia watu wako kwa simu tu. Ila kabla ya hapo ongea na wa nyumbani kwa uwazi, uwaambie kabisa kwamba kutakuwa na misiba sitafika, mtoto ataumwa na mimi niko mbali, harusi ya ndugu yako nitaiona kwenye picha. Usimuulize mwenzio kama anakubali, maana atasema anakubali. Muulize nani atafanya yale unayofanya wewe pale nyumbani, moja moja, mpaka mjue kila kitu kina mtu. Kama kuna vitu havina mtu basi bado hamjawa tayari, na pengine kinachokufaa ni lori la safari fupi, asubuhi unatoka jioni unalala kwako. Ni kazi ileile ya usukani na haina aibu yoyote.

Ukishapita hayo yote na bado unataka, tafuta dereva akuchukue safari moja, bosi wake akiwa amekubali na bima ikiruhusu, maana kampuni nyingi hazitaki abiria. Usichague safari ya siku moja, siku ya kwanza kila kitu kinapendeza, barabara nzuri, stori nyingi. Nenda safari ya siku nne au zaidi uone siku ya tatu, mmeishiwa stori, hujaoga vizuri, gari liko foleni na simu haina chaji. Angalia anavyozunguka gari kabla ya kuondoka, anagonga tairi, anakagua kama tela limejifunga kwenye sahani yake, lile bamba la chuma linaloliunganisha na kichwa cha lori, anavuta mbele kidogo breki za tela zikiwa zimeshika kuhakikisha. Jioni mkishapaki usimuulize kama anaipenda kazi, muulize mara ya mwisho alipotaka kurudi nyumbani kwa dharura ilimchukua siku ngapi kufika.