SOMO: Namna ya kulinganisha lishe ya viazi vitamu na viazi vikuu

Wakuu, swali la "kipi kina lishe zaidi, kiazi kitamu au kiazi kikuu" limeulizwa humu mpaka limechakaa. Nimeandika mara moja. Kuanzia leo atakayeuliza namtumia somo hili, naendelea na shughuli zangu.

1. Jua unalinganisha nini. Kiazi kitamu (Ipomoea batatas) hutambaa chini na majani yake ndiyo matembele. Kiazi kikuu (Dioscorea) hupanda juu ya mti, kama kwenye vihamba (mashamba ya nyumbani ya Wachaga) vya Kibosho. Magimbi hayamo kwenye hesabu hii. Ukisoma maandishi ya Marekani angalia jina la kisayansi, maana kule kiazi kitamu cha rangi ya chungwa huuzwa kwa jina la kiazi kikuu.

2. Linganisha gramu 100 kwa gramu 100. Mzani wa jikoni unatosha, fungu halitoshi.

3. Kibichi kwa kibichi, cha kuchemsha kwa cha kuchemsha. Tarakimu zangu zote ni za vilivyochemshwa na kumenywa.

4. KATA UONE RANGI YA NDANI. Wengi wanaharibikiwa hapa. Kiazi kitamu cha ndani rangi ya chungwa kina vitamini A takriban maikrogramu 787. Mwanamke mzima anahitaji 700 kwa siku, mtoto wa mwaka 1 hadi 3 anahitaji 300. Kiazi kikuu hakifiki hata 10. Mtu akisoma hivyo anakimbilia sokoni Kiboriloni, anabeba ndoo ya viazi vya ganda jekundu, anarudi nyumbani akiamini kamaliza kazi. Avikate sasa: ndani vyeupe pee! Kiazi cheupe karibu hakina vitamini A, kwa hilo hakikizidi kiazi kikuu kwa lolote la maana.
Tahadhari: ganda halikuambii kitu. Mwombe muuzaji akikwangue kwa ncha ya kisu. Ukiona chungwa iliyokolea, kama karoti, nunua. Manjano hafifu ina kidogo. Zambarau ina faida zake, ila vitamini A usiitafute humo. Mbegu unazotaka ni za viazi lishe, yaani hivi vya ndani rangi ya chungwa, mfano Kabode, Mataya au Ejumula. Usidhani ni mambo ya mitandaoni: mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilikwenda kwa watafiti waliosukuma uzalishaji wa mbegu za mazao zenye virutubisho zaidi, wakiwemo wa viazi hivi, na mmoja wao ni Mganda, Robert Mwanga.

5. Mengineyo. Nishati: kitamu kilokalori 76, kikuu 116. Nyuzinyuzi: gramu 2.5 kwa 3.9. Potasiamu: miligramu 230 kwa 670, hapo kikuu kinashinda bila ubishi. Vitamini C wanakaribiana, kama miligramu 12 hivi. Protini vyote gramu moja na nusu au pungufu, kwa hiyo maharage au dagaa viwepo mezani.

6. Weka mafuta kidogo. Vitamini A haifyonzwi vizuri bila mafuta. Kipande cha parachichi kinatosha.

MASWALI

Kijana wa Unga Limited: Mkuu sijasoma yote, kwa kifupi kipi bora?
Jibu: Namba 4 na 5. Hazijahama.

Dada wa Kilombero: Mimi nanunua vyekundu, kwa hiyo vitamini A ninayo?
Jibu: Vyekundu ganda au ndani?
Dada wa Kilombero: Ganda. Ndani vyeupe.
Jibu: Basi huna. Una kiazi kizuri cha kunywea chai. Herufi kubwa sikuziweka kwa urembo.

Mjuaji: Hizo ni tarakimu za Wazungu. Udongo wetu tofauti.
Jibu: Aina na udongo hubadilisha tarakimu, ndiyo maana ya "takriban". Ila hakuna udongo wa Moshi utakaotia vitamini A kwenye kiazi cheupe.

Mama wa Usa River: Samahani kaka, mwanangu anapenda sana viazi lishe na boga. Sasa viganja na nyayo zimekuwa za njano. Nimsimamishe?
Jibu: Swali zuri sana, dada. Mpeleke kwenye mwanga wa dirisha umwangalie macho. Kama weupe wa jicho ni mweupe kabisa na anacheza kama kawaida, kuna uwezekano mkubwa ni ile rangi ya chungwa kujikusanya kwenye ngozi. Haina sumu; punguza viazi na boga, itafifia taratibu. Kama weupe wa jicho nao ni wa njano, au mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, hapo si viazi, nenda hospitali leo.

Mzee wa Tengeru: Nina tatizo la figo, daktari kasema nipunguze potasiamu. Viazi vikuu ndiyo basi?
Jibu: Shikamoo mzee. Vipimo vya damu yako anavyo daktari, mwulize kiasi. Ukiruhusiwa kidogo, vikatwe vipande vidogo, vichemshwe kwa maji mengi, maji yale yamwagwe. Potasiamu kiasi huondoka nayo. Mchuzi wake usinywe.

Mama wa Usa River: Na nikimenya vikuu mikono inawasha mpaka kwenye kiwiko!
Jibu: Paka mafuta ya kula mikononi kabla ya kumenya, au vaa glavu. Au chemsha na maganda yake, umenye baadaye. Kibichi usikionje.

Msukuma wa Moshi: Sisi kwetu tunakausha. Michembe (vipande vilivyokaushwa vikiwa vibichi) ya viazi lishe inabaki na vitamini?
Jibu: Inabaki kiasi, jua na hewa huila. Kausha kivulini penye upepo, hifadhi gizani kwenye chombo kilichofungwa vizuri, na usiiweke mwaka mzima.
Msukuma wa Moshi: Na matobolwa?
Jibu: Hayo yamechemshwa kwanza, lakini ghala ni lilelile: giza na mfuniko. Ukipika michembe na karanga niite.